Uzi Mwembamba wa Kaboni: Tuifahamu Sayansi ya Kuhifadhi Umeme wa Jua

Katika vigango vyetu vingi swali kuhusu umeme wa jua limekwisha kubadilika. Zamani tuliuliza paneli itapatikana wapi. Leo tunauliza betri itadumu hadi lini. Paneli iliyofungwa vizuri juu ya paa hufanya kazi kwa miaka 20 na zaidi, ilhali betri iliyo chini yake huchoka mapema, na mchango wa pili huanza kabla ule wa kwanza haujasahaulika. Jua hutupatia nguvu kwa wingi mchana. Kazi ngumu ni kuitunza nguvu hiyo hadi usiku.

Hayati Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Katika aya ya 26 alikumbusha kwamba nishati safi bado haijawafikia watu wengi, na kwamba teknolojia ya kufaa ya kuihifadhi ingali inahitajika. Katika makala hii tunakusudia kueleza njia mojawapo ambayo wanasayansi wameifanyia kazi kwa bidii, nayo ni kutengeneza elektrodi kwa nyuzi nyembamba sana za kaboni, zenye matundu mengi na zilizochanganywa na naitrojeni.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, maneno "nano" na "kaboni" hutumika katika kuuza betri, na si vema mtu atoe fedha ya familia au ya parokia kwa jambo asilolielewa. Pili, kuhifadhi umeme kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na watu tusiowaona.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Tutazame mwanzo wa maisha ya betri. Betri nyingi za lithiamu zilizomo katika simu na kompyuta zina kobalti katika elektrodi yake ya upande wa chanya. Yapata asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Huko Kolwezi, Likasi na Lubumbashi watu huzungumza Kiswahili kama sisi. Pamoja na migodi mikubwa ya mashine, wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa mikono yao katika mashimo yasiyo na nguzo, na miongoni mwao wamekuwapo watoto. Masista wa Mchungaji Mwema wamefanya kazi Kolwezi ya kuwatoa watoto hao migodini na kuwarudisha darasani.

Sasa tutazame mwisho wa maisha ya betri. Betri za magari, na nyingi za umeme wa jua vijijini, zimetengenezwa kwa risasi na asidi. Risasi ni sumu, na humdhuru zaidi mtoto, kwa maana huharibu ubongo unaokua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri zilizokwisha kilieneza risasi katika hewa, udongo na maji, na watoto pamoja na wazazi wao wakadhurika. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi hao walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia ni jambo la haki, lakini haimrudishii mtoto afya aliyoipoteza.

Kwa hiyo mwanasayansi anapotafuta namna ya kuhifadhi umeme kwa kutumia kaboni, ambayo ni mwili wa mkaa, wa makaa ya mawe na wa viumbe vyote hai, utafiti wake unatuhusu. Inatupasa tujue utafiti huo umefika wapi, na wapi haujafika.

Ghala na baraza

Zipo namna mbili kuu za kuhifadhi umeme katika chombo kidogo. Ya kwanza ni betri. Ndani ya betri mna elektrodi mbili, moja ya hasi na nyingine ya chanya, na katikati yake mna elektroliti, yaani kimiminika au kitu kingine kinachopitisha ioni. Ioni ni chembe ndogo zenye chaji ya umeme. Betri ya lithiamu inapochajiwa, ioni za lithiamu huondoka upande wa chanya na kwenda kuingia ndani ya kaboni ya upande wa hasi. Tunapoitumia, hurudi zilikotoka. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za aina hii mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoziwezesha.

Namna ya pili ni supakapasita. Humo ioni haziingii ndani ya elektrodi. Hujipanga juu ya uso wake tu, chaji za upande mmoja zikitazamana na chaji za upande wa pili. Mpangilio huo wa tabaka mbili ulielezwa na Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, mwaka 1853. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1957, hataza ya kwanza ya chombo cha namna hiyo, chenye elektrodi za kaboni yenye matundu, ilitolewa nchini Marekani.

Tutumie mfano wa nyumbani. Betri ni kama ghala: mzigo huingizwa ndani, hupangwa, na kuutoa huchukua muda. Supakapasita ni kama baraza: wageni hukaa nje, na wakitaka kuondoka huinuka mara moja. Ndiyo maana supakapasita hujaa na kutoa umeme kwa sekunde au dakika chache, na huweza kurudia kazi hiyo mara laki kadhaa. Lakini barazani hapatoshi watu wengi kama ghala linavyotosha magunia.

Tofauti hiyo tuipime kwa hesabu. Chukua nyumba yenye taa 5 za wati 5 zinazowaka saa 5 kila usiku. Hizo ni wati-saa 125. Ongeza simu 2, kila moja ikila takriban wati-saa 12 na nusu, na jumla itakuwa wati-saa 150. Betri ya lithiamu hubeba wati-saa 150 au zaidi kwa kila kilo, basi kilo 1 hutosha. Betri ya risasi hubeba kama 30 kwa kilo, na haifai kuitoa umeme zaidi ya nusu, hivyo zitahitajika kilo 10. Supakapasita ya kawaida hubeba kama wati-saa 5 kwa kilo, hivyo zitahitajika kilo 30. Hapo msomaji anaona kwa nini supakapasita haijachukua nafasi ya betri nyumbani, ingawa hudumu kuliko betri. Pia anaona kwa nini watafiti wanajitahidi kulipanua "baraza" bila kuongeza uzito wake.

Kutoka tanuri la mkaa hadi uzi wa kaboni

Mchoma mkaa wa kijijini anajua siri ambayo viwanda vikubwa navyo huitumia. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto na kuziba hewa. Angeacha hewa iingie kwa wingi, kuni zingekuwa majivu. Kwa kuwa hewa ni haba, maji na gesi hutoka, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni. Mkaa huo ukivunjwa na kutazamwa kwa karibu huonekana vijitundu vingi, kwa sababu mti wenyewe ulikuwa na mishipa ya kupitishia maji.

Uzi wa kaboni nao una historia ndefu na umeme. Taa za mwanzo za Thomas Edison, mwaka 1879 na 1880, ziliwaka kwa nyuzi za pamba na mianzi zilizochomwa zikawa kaboni. Nyuzi tunazozizungumzia leo hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, ila ni nyembamba mno. Upana wake hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Uzi wa nanomita 200 ni mwembamba kiasi kwamba nyuzi 400 zikilazwa ubavu kwa ubavu ndipo zitakapolingana na upana wa unywele huo mmoja.

Njia inayotumika sana kuzitengeneza ni kusokota kwa umeme. Anton Formhals alipata hataza yake mwaka 1934. Polima iitwayo poliakrilonitrili huyeyushwa katika kiyeyushi na kutiwa katika bomba la sindano. Ncha ya sindano huunganishwa na umeme wa volti elfu 10 hadi 30, na mbele yake, umbali wa sentimita chache, huwekwa bamba au pipa linalozunguka. Nguvu ya umeme hulivuta tone lililo kwenye ncha likawa uzi, nao uzi huyumba hewani kama mjeledi, hunyooka, hukonda na kukauka kabla ya kutua. Baada ya saa kadhaa hupatikana kitambaa cheupe, chepesi, cha nyuzi zisizohesabika.

Kisha kitambaa hicho hupita katika moto mara mbili. Kwanza huwekwa hewani kwenye nyuzijoto 200 hadi 300, na rangi yake hugeuka kutoka nyeupe kuwa ya manjano, kisha ya kahawia, hata nyeusi. Hatua hii huzifunga molekuli zake zisiyeyuke baadaye. Pili, huingizwa katika tanuri lisilo na oksijeni, lenye gesi tulivu, kwenye nyuzijoto 600 hadi 1,000 au zaidi, na hapo huwa kaboni. Ni tanuri la mchoma mkaa, ila limedhibitiwa kwa vipimo.

Matundu hupatikana kwa njia mbili. Njia mojawapo ni kuchanganya ndani ya uzi kitu ambacho kitatoweka baadaye, kwa mfano polima nyingine inayoungua bila kubakiza kitu. Ilipokuwepo huacha shimo. Njia nyingine ni kuichoma kaboni pamoja na haidroksidi ya potasiamu, ambayo huila kaboni kidogo kidogo na kuichimba. Wanasayansi huyagawa matundu hayo katika makundi matatu: yaliyo chini ya nanomita 2, yaliyo kati ya 2 na 50, na yaliyozidi 50. Makubwa ni kama barabara kuu, ya kati ni kama vichochoro, na madogo ni kama vyumba ambamo ioni hukaa. Mji wenye vyumba vingi usio na vichochoro haupitiki, kadhalika kaboni yenye matundu madogo peke yake hujaa polepole.

Kaboni iliyochimbwa vizuri huweza kuwa na uso wa mita za mraba 2,000 au zaidi katika gramu 1. Gramu 4 zake, ambazo ni chini ya kijiko cha chai cha sukari kwa uzito, zina uso uliozidi ukubwa wa uwanja wa mpira wa miguu. Hivyo ndivyo baraza linavyopanuliwa bila kuongeza uzito.

Kazi ya naitrojeni

Naitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa tunayoivuta, lakini naitrojeni ya hewani haiingii katika kaboni kwa urahisi, kwa kuwa atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu kubwa. Ndiyo maana gesi hiyohiyo huweza kutumika tanurini kuilinda kaboni isiungue. Naitrojeni inayohitajika hutoka katika kitu kilichokuwa nayo tangu mwanzo. Poliakrilonitrili ina naitrojeni ipatayo asilimia 26 ya uzito wake. Polima nyingine iitwayo polipiroli nayo inayo. Na wengine hutumia urea au gesi ya amonia. Moto unapozidi, naitrojeni nyingi zaidi hutoroka, na kwa sababu hiyo mtengenezaji hulazimika kupima joto kwa uangalifu.

Atomi ya naitrojeni ikikaa mahali pa atomi ya kaboni hufanya kazi tatu. Kwanza, ina elektroni moja zaidi ya kaboni katika tabaka la nje, na inapokaa katikati ya mtandao wa kaboni husaidia umeme kupita. Pili, huifanya kaboni ipende maji. Mkaa mkavu husukuma maji, nayo elektroliti isiyoweza kuyalowesha matundu haiwezi kuyatumia. Tatu, naitrojeni iliyokaa ukingoni mwa mtandao huvuta ioni na kubadilishana nazo chaji, hivyo huongeza akiba juu ya ile ya uso peke yake.

Umbo la uzi nalo lina faida yake. Elektrodi ya unga huhitaji gundi ya kuushika, na gundi hiyo haihifadhi umeme. Ni uzito wa bure. Kitambaa cha nyuzi hujishika chenyewe, na elektroni husafiri kufuata uzi pasipo kuruka kutoka punje hadi punje.

Maabara zimeonyesha nini

Mwaka 2012 ulileta matokeo mawili yaliyotajwa sana, yote kutoka China. Watafiti wa mji wa Hefei walizipaka nyuzi za kaboni polipiroli, wakazichoma, na kupata nyuzi zenye matundu na naitrojeni kwa ajili ya supakapasita. Walipima faradi 202 kwa gramu. Faradi ni kipimo cha kiasi cha chaji kinachohifadhiwa kwa kila volti. Mwaka huohuo watafiti wa Wuhan walichoma utando wa nyuzi za polipiroli pamoja na haidroksidi ya potasiamu, wakautumia kama elektrodi ya hasi ya betri ya lithiamu. Baada ya kuchajiwa na kutumiwa mara 600, gramu moja ya utando huo ilikuwa ikihifadhi miliampia-saa 943. Grafaiti, ambayo kwa Kiswahili huitwa madini ya kinywe na ndiyo inayotumika katika betri nyingi, haiwezi kuzidi miliampia-saa 372 kwa gramu inapopokea lithiamu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2015, jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliopata faradi 855 kwa gramu kutoka kaboni yenye matundu na naitrojeni. Kaboni hiyo haikuwa ya nyuzi, lakini ilithibitisha jinsi naitrojeni inavyoweza kuongeza uwezo wa kaboni.

Mipaka ambayo haina budi kusemwa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mwaka 2012 ilipatikana kaboni yenye uwezo wa mara mbili na nusu ya kinywe, mbona betri ya simu yangu haijawa bora mara mbili na nusu? Swali ni la haki, na majibu yake ni manne.

Jibu la kwanza ni kwamba nambari hizo hupima gramu moja ya kaboni peke yake. Betri nzima ina elektrodi ya pili, elektroliti, karatasi za chuma na ganda. Kuboresha sehemu moja hakuboreshi chombo chote kwa kiwango kilekile, kama vile kuongeza ukubwa wa ndoo hakuongezi maji ya kisima.

Jibu la pili linahusu uso ule mkubwa tuliousifu. Betri ya lithiamu inapochajiwa mara ya kwanza, elektroliti hugusana na kaboni na kujenga utando mwembamba juu yake, na utando huo hula lithiamu isiyorudi tena. Uso ukiwa mkubwa, hasara huwa kubwa. Jambo lililo baraka katika supakapasita huwa mzigo katika betri. Zaidi ya hayo, kaboni ya aina hii hutoa chaji yake kwa volti zinazobadilika sana, na hilo hupunguza nishati ya betri nzima.

Jibu la tatu ni nafasi. Kitu chenye matundu mengi ni chepesi, lakini huchukua mahali pakubwa. Gunia la pamba halilingani na gunia la mchanga. Katika simu au gari, nafasi ni haba kama uzito ulivyo.

Jibu la nne ni utengenezaji wenyewe. Sindano moja hutoa gramu chache tu kwa siku, ingawa zipo mashine zenye ncha nyingi. Poliakrilonitrili hutokana na mafuta na gesi ya ardhini. Kiyeyushi kinachotumika mara nyingi hudhuru ini la mfanyakazi akikivuta bila kinga. Haidroksidi ya potasiamu huunguza ngozi. Tanuri la nyuzijoto 1,000 hula umeme mwingi. Kwa hiyo kusema kwamba "kaboni ni safi" hakutoshi. Usafi wake hutegemea mikono iliyoitengeneza na sheria zinazowalinda wenye mikono hiyo.

Kinachouzwa kwa wingi leo ni cha kawaida zaidi. Mojawapo ya malighafi kuu za kaboni ya supakapasita zilizo madukani ni vifuu vya nazi. Vifuu hivyo huchomwa na kuchimbwa matundu kwa mvuke, bila nyuzi na bila kusokota kwa umeme. Watu wa Pwani, ambao vifuu kwao ni kuni au taka, wana sababu ya kulitafakari jambo hilo.

Je, kaboni hii itamtoa mtoto mgodini?

Hapa yatupasa tuwe waangalifu, kwa kuwa ni rahisi kuahidi kupita kiasi. Kaboni inakaa katika elektrodi ya hasi, na kobalti inakaa katika elektrodi ya chanya. Kuibadilisha kaboni peke yake hakuiondoi kobalti hata gramu moja. Anayesema kwamba betri yake haina kobalti "kwa sababu ni ya nano kaboni" amechanganya mambo mawili.

Yapo hata hivyo mahali ambapo kaboni hii inaweza kusaidia kweli. Supakapasita zenye kaboni pande zote mbili hazina kobalti wala risasi. Betri za lithiamu na salfa hazihitaji kobalti. Tatizo lake ni kwamba salfa huyeyuka na kuhama kutoka mahali pake, na nyuzi zenye naitrojeni huishika isihame. Betri za sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya kawaida, huweza kutengenezwa bila kobalti, na kwa kuwa kinywe cha kawaida hakipokei sodiamu vizuri, zinahitaji kaboni ya aina nyingine. Katika njia hizo utafiti unaendelea.

Na hata leo, kabla ya yote hayo, mnunuzi ana uchaguzi. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti hazina kobalti, zinauzwa, na hufaa kwa umeme wa jua kuliko betri za risasi kwa sababu hudumu mizunguko mingi zaidi. Bei yake ya siku ya kwanza ni kubwa. Hesabu ya miaka kumi huweza kuonyesha vinginevyo.

Tukumbuke pia kwamba kukimbia madini fulani hakumpi chakula yule aliyekuwa akiyachimba. Familia ya Kolwezi inahitaji mgodi salama, ujira wa haki na shule, kabla haijahitaji habari kwamba dunia imeacha kununua kobalti. Vivyo hivyo kwetu: Tanzania ina akiba kubwa ya kinywe huko Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, nacho hutafutwa kwa ajili ya betri hizihizi. Maswali tunayoyauliza kuhusu Kolwezi hatuna budi kuyauliza pia nyumbani: ni nani anahamishwa, analipwa nini, na maji ya kijiji yatabaki salama?

Maswali manne kabla ya kutoa fedha

Kamati ya kigango au familia inayotaka kununua betri si lazima ijue kemia. Yatosha imuulize muuzaji maswali manne, na idai majibu kwa maandishi.

Kwanza: betri hii ina wati-saa ngapi? Muuzaji akitaja ampia-saa peke yake, zidisha kwa volti ili upate wati-saa. Betri ya ampia-saa 100 yenye volti 12 ina wati-saa 1,200. Jina "nano" si kipimo.

Pili: itadumu mizunguko mingapi, na kwa kuitoa umeme kiasi gani kila mara? Mizunguko 2,000 ya kutumia nusu ya betri si sawa na mizunguko 2,000 ya kuimaliza yote.

Tatu: elektrodi ya chanya imetengenezwa kwa nini? Hapo ndipo ujibiwe kama kuna kobalti, chuma na fosfeti, au risasi.

Nne: ikifa, nani ataichukua, na ataipeleka wapi? Muuzaji asiye na jibu la swali hili anatuachia sumu uani mwetu. Betri ya risasi isivunjwe nyumbani kwa vyovyote, wala asidi yake isimwagwe ardhini, wala mtoto asipewe kazi ya kuipasua ili apate risasi ya kuuza.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Taa inayowaka kanisani usiku wakati wa kwaya kufanya mazoezi imeundwa na wengi: mchimbaji, mfua chuma, mtafiti aliyekesha mbele ya tanuri, dereva wa lori, na fundi aliyepanda paani. Uzi wa kaboni tulioueleza bado haujafika katika paa zetu kwa wingi, na huenda ukafika kwa umbo tofauti na hili la maabara. Wakati tukiungojea, jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuanza na swali la nne. Kila jumuiya iorodheshe betri zilizokufa zilizomo majumbani na katika stoo ya kigango, izikusanye mahali pamoja penye paa na sakafu ngumu, mbali na watoto na mbali na kisima, hadi atakapopatikana mnunuzi mwenye kibali cha serikali cha kuzichakata.